Tufanye Ng'ombe

Kihispania nilikuwa nacho kabla ya kufika Curicó.
Nilikiokota Santo Domingo, nikikaanga ndizi
mbele ya kituo, ambako guagua ni basi:
guagua imejaa, guagua imezimika njiani,
kimbia, Dieula, guagua inaondoka.

Kwa hiyo siku ya kwanza kiwandani,
Yasna aliposema, "Sikulala jana,
guagua imelia mpaka alfajiri, inaota meno,"
niliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.
Wiki nzima nilimwonea huruma dereva.

Huku guagua ni mtoto mchanga.

Kisha Yasna yule yule, akipiga kelele juu ya mashine:
"Masanduku ya matufaha, al tiro!"
Tiro ni risasi. Risasi naijua.
Nilikuwa chini ya meza kabla hajafunga mdomo,
viganja kisogoni, shavu kwenye sakafu ya maji.
Wakacheka.
Wakaacha kucheka,
kwa sababu sikuinuka.
Nolberto alizima mkanda, akachuchumaa,
akasema taratibu, kama mtu anayembembeleza paka mvunguni:
"Al tiro ni sasa hivi tu. Sasa hivi, po.
Hakuna bunduki."

Hiyo po nayo nikaiulizia.
Wakatazamana. "Haina maana, po."
Ni mkia. Sentensi ya huku bila mkia
haitoki nje ya nyumba.

Nolberto mwenyewe, kila tarehe ishirini, huwa bata.
"Mimi bata," husema, akivuta mifuko nje
mpaka ining'inie kama ndimi mbili.
Akilipwa anarudi kuwa mtu, ananunua sigara,
anamlipa Yasna alichokopa alipokuwa bata.

Na chai ya jioni, yenye mkate na parachichi la kuponda,
wanaiita Kumi na Moja.
Doña Hortensia, mwenye chumba changu, hugonga ukuta:
"Dieula, Kumi na Moja inapoa!"
Natazama saa, mshale mfupi uko kwenye tano.
Niliuliza jikoni, niliuliza kiwandani, niliuliza kanisani,
hakuna aliyenipa sababu ya kueleweka.
Nikajisemea, pengine wako watu mahali
ambao kwao hesabu hii imenyooka.

Mei, ukungu umelalia reli,
ikaja simu kutoka Jacmel. Mama.
Kaka yangu Wilner alitaja bei ya jeneza, akanyamaza,
akaitaja tena,
kana kwamba mara ya pili ingepungua.

Nililia chooni, bomba likiwa wazi.
Nikamsikia Yasna upande wa pili wa mlango:
"Jamani, tumfanyie Dieula ng'ombe."
Machozi yakasita. Mungu wangu, watachinja.
Nitamweka wapi ng'ombe,
chumba changu kitanda kimoja na dirisha la kiganja?

Likapita sanduku tupu la matufaha, mkono kwa mkono:
sarafu za mia, noti zilizokunjwa mara nne.
Mama wa getini akatoa nauli yake, akaenda nyumbani kwa miguu.
Na Nolberto, tarehe ishirini na sita, bata kamili,
alikaa juu ya ndoo, akavua kiatu,
akatoa noti chini ya soli, ina unyevu,
akainyoosha pajani kabla ya kuitia.

Usiku nilimhesabu ng'ombe juu ya blanketi.
Laki mbili na elfu kumi na nne,
na vifungo viwili vya shati, sijui vya nani.

"Pesa zimefika," Wilner akasema.
Nyuma yake nyundo ilikuwa inagonga mbao.
"Nani katoa?"
"Ng'ombe."
"Ng'ombe gani, dada? Hebu nieleze."
"Al tiro," nikasema, "nakueleza al tiro, po,"
na lile neno likapita mdomoni
bila magoti yangu kujua.